Mrejesho: kigari cha mkono cha kusogezea trela ya boti nyumbani

Wakuu habari, naona watu wengi wanaulizia hivi vigari vya mkono vya kusogezea trela, vile vyenye matairi mawili, mpini mrefu na mpira wa chuma wa kushikia kichwa cha trela (ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari), na majibu mengi yanaishia "kizuri" au "achana nacho" bila maelezo yoyote, sasa mimi nimekitumia msimu mzima wa boti na ule wa kuilaza, nimekisukuma kwenye zege, kwenye kokoto na kwenye nyasi, kwahiyo ngoja niseme ninachokijua. Nakipa nyota nne kati ya tano. Na zile nne nyingi zimetokana na jambo moja tu, kimeniwezesha kuiweka boti pale sheria inapotaka ikae, kazi ambayo gari lilikuwa haliwezi kabisa kunifanyia.

Ukisoma sheria ndogo za manispaa nyingi kuhusu boti na trela nyumbani utakuta zinafanana sana hata kama miji yenyewe iko mbali mbali. Kitu cha kwanza karibu kila mahali ni kwamba boti isikae uwanja wa mbele, yaani isivuke ule mstari wa ukuta wa mbele wa nyumba kuelekea barabarani, ikae pembeni au nyuma. Basi ndo hapo watu wanapokwama. Pembeni ya nyumba mara nyingi ni kichochoro, boti kubwa zinazoruhusiwa kuvutwa barabarani bila kibali maalum zinafika upana wa mita 2.55 Ulaya na kama mita 2.6 Marekani, sasa hata kama kichochoro chako kina mita 3 na ushee, kurudisha gari nyuma na trela humo ndani ni shughuli, ukikata usukani kidogo trela imeshageukia ukutani, na gari lenyewe likishaingia hutoki mlangoni. Matokeo yake mtu anaiacha boti mbele ya nyumba "kwa muda", muda unakuwa miezi, jirani anapiga simu, barua inakuja.

Kwangu ilikuja hivyo hivyo. Afisa aliyekuja alikuwa mstaarabu kwakweli, alishika futi kamba akaanzia kona ya ukuta wa mbele akapima mpaka mwisho wa boti, na mwisho wa boti kwake ulikuwa propela ya injini, sio tairi la trela wala ubao wa nyuma wa boti. Hilo liwekeni akilini, kwasababu vipimo vya boti kwenye matangazo ya kuuzia vinahesabu mwili wa boti peke yake, wakati sheria za sehemu nyingi zinapima kitu kizima kuanzia ncha ya kichwa cha trela mpaka injini, na tofauti inaweza kuzidi mita moja na nusu kirahisi sana. Kama mji wenu una kikomo cha urefu basi soma kwanza ule ukurasa wa tafsiri ya maneno mwanzoni mwa sheria, watu wanauruka halafu wanashangaa baadae.

Haya turudi kwenye kigari.

Kinakuja kwenye boksi kikiwa vipande, mpini, ekseli, matairi mawili na ule mpira wa chuma, unafunga na spana za kawaida ndani ya muda mfupi. Changu kimeandikwa kinabeba kilo 270, na hapa ndo watu wengi wanaelewa vibaya, hizo kilo 270 sio uzito wa trela, ni uzito unaoshuka kwenye kichwa cha trela peke yake. Trela yenye boti inabebwa sehemu kubwa na matairi yake yenyewe, kichwani panabaki asilimia chache, kwa trela za boti mara nyingi ni kati ya 5 na 10, trela nyingine zinafika 15. Kwahiyo boti na trela vyenye jumla ya kilo 1,000 kichwani vinaweza kushusha kilo 50 hadi 100 tu. Ukitaka kujua yako chukua mzani wa kupimia watu, weka juu yake kipande cha mbao imara, simamisha kichwa cha trela juu ya mbao kikiwa usawa ule ule wa kinapofungwa kwenye gari, soma namba. Kama kichwa ni kizito kuliko mwisho wa mzani usilazimishe, utaua mzani, tafuta mtu mwenye mzani mkubwa zaidi.

Kwahiyo kubeba kitabeba. Swali la kweli ni kusukuma, na hapo kinachoamua ni ardhi yako. Kwenye zege safi iliyo tambarare trela ya tani moja inahitaji nguvu kama ya kilo 15 hadi 20 ikishaanza kutembea, kuianzisha inataka zaidi kidogo, lakini mtu mmoja mwenye afya anaimudu vizuri tu. Kwenye nyasi au kokoto zilizolegea nguvu inayotakiwa inapanda mara nne, mara tano, na mvua ikinyesha ndo basi tena, matairi ya kigari yanazama na mpini unabaki unakusukuma wewe. Mteremko nao usiudharau hata kama machoni unaonekana hakuna kitu, kila asilimia moja ya mwinuko kwa trela ya tani moja inakuongezea kilo 10 za kusukuma, yaani njia yenye mwinuko wa asilimia 5, ambayo wengi tungeiita tambarare, inakuongezea kilo 50 juu ya zile za kawaida. Ukiwa unapandisha utachoka. Ukiwa unashusha ndo hatari yenyewe, kwasababu kigari hiki hakina breki, na trela ya tani moja ikishaanza kukimbia hakuna binadamu wa kuisimamisha kwa mpini.

Naomba hili mlichukulie kwa uzito wake, kama njia yako ina mteremko unaouona kwa macho usinunue hiki, nunua kile chenye mota na breki au tumia winchi iliyofungwa sehemu imara. Na hata kwenye tambarare kuwe na mtu wa pili mwenye kabari mbili mkononi, anatembea pembeni ya tairi la trela, sio nyuma yake, kazi yake ni kusukumia kabari chini ya tairi pale tu mambo yanapoanza kwenda kasi. Watoto wakae ndani mpaka umalize. Mimi nilitengeneza kabari zangu za mbao ngumu nikazifunga kamba ndefu ili mtu asiwe anainama karibu na tairi, inasaidia sana.

Kitu kinachonifurahisha hasa kuhusu kigari ni jinsi kinavyokata kona. Gari linahitaji nafasi ya mbele ili kuikunja trela, kigari hakihitaji, unasimama pale pale unazungusha mpini na kichwa cha trela kinakwenda upande unaotaka, unaweza ukaigeuza trela karibu kwenye mhimili wa matairi yake. Kwangu kona ya kuingia kichochoroni iko karibu sana na nguzo ya geti, kwa gari nilikuwa hata sijaribu, kwa kigari naingiza boti nikiwa naiona pande zote mbili, nasogeza kidogo, nasimama, naangalia upande wa ukuta, nasogeza tena. Injini iko nyuma imeinuliwa, propela nimeivalisha mfuko. Inaingia mpaka ndani kabisa, mstari wa ukuta wa mbele unabaki mbele ya kichwa cha trela, sheria imetimia.

Sasa nyota moja niliyoitoa ni ya nini? Ni ya mpira wa chuma na matairi. Mpira uliokuja nao umegongwa 50 mm na kichwa cha trela yangu ni cha 50, hapo sawa, lakini kuna trela nyingi za vipimo vya Kimarekani zinazotaka inchi 2, ambazo ni 50.8 mm, na nyingine inchi 1 na 7/8, ndogo zaidi, na nyingine inchi 2 na 5/16, kubwa. Kwa macho hizi za 50 na inchi 2 huwezi kuzitofautisha, angalia maandishi yaliyogongwa kwenye chuma cha kichwa cha trela ndo uagize. Muuzaji alitakiwa aulize kabla ya kutuma, hakuuliza, na kwenye boksi hakuna mpira wa akiba. Matairi nayo ni ya upepo, na yanapoteza upepo yakikaa, kila nikirudi baada ya wiki kadhaa lazima nianze na pampu. Yapo matoleo yenye matairi magumu yasiyo na upepo, kwa mwenye zege ningesema chukua hayo, kwa mwenye kokoto bora ya upepo na yawe mapana.

Tukiwa kwenye upepo, angalieni na matairi ya trela yenyewe. Tairi la trela likiwa limelegea unaongeza uzito wa kusukuma bila sababu, wengi wanalaumu kigari kumbe tairi ndo limekaa. Na matairi ya trela mara nyingi yanazeeka kabla ya kuisha, pembeni ya tairi kuna namba nne za mwisho kwenye ule msimbo mrefu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, mfano 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Tairi lililokaa juani miaka saba linaweza kuwa na kashata zote (yale meno ya tairi) lakini likapasuka ukifika barabara kuu.

Ukishaifikisha trela mahali pake usiiache imekaa juu ya kigari. Shusha jeki ya mbele ya trela, weka kipande cha mbao chini ya jeki, tia kabari matairi yote, toa kigari uweke stoo. Inua kichwa kiwe juu kidogo kuliko nyuma na toa ile plagi ya nyuma ya boti ili maji ya mvua yatoke yenyewe, boti iliyojaa maji chini ya turubai inaongeza uzito ambao trela haikupangiwa, lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu mwenyewe lita 300 ni nini. Kumbuka tu kuirudisha plagi kabla ya kwenda majini, mimi yangu naifunga kwenye ufunguo wa injini.

Sasa kuna mambo ambayo kigari hakitakusaidia na ni haki kuyasema kwenye mrejesho ili mtu asinunue kwa matumaini yasiyo yake.

Kwanza sakafu. Sehemu nyingi sheria inataka chombo kikae juu ya zege, lami, matofali ya kupangwa au kokoto zilizowekewa kingo, sio juu ya nyasi wala udongo mtupu, hata kama ni nyuma ya nyumba. Wengine wanaruhusu vipande viwili vya zege chini ya matairi tu, ambayo ni nafuu kubwa kuliko kumwaga eneo zima. Kama utamwaga zege kwa ajili hii basi imwage mpaka kwenye kona ya kuingilia, sio pale pa kupaki tu, kigari kitakushukuru na mgongo wako pia. Na uliza kwanza kama kuna kikomo cha eneo la kiwanja linaloweza kufunikwa, miji mingi inacho kwasababu ya maji ya mvua.

Pili uzio. Kuna miji boti ikikaa pembeni lazima ifichwe isionekane kutoka barabarani, mara nyingi kwa uzio wa futi 6 ambao ni kama mita 1.8. Pengine mmesikia kile kisa cha Seaside, California, jamaa alipata barua ya mji 2023 kwamba boti yake iliyokaa pembeni ya nyumba ifichwe kwa uzio wa futi 6, akajenga uzio kama alivyoambiwa, halafu jirani yake ambaye ni msanii akachora kwenye uzio huo picha ya boti ile ile, kwa namna ambayo ukisimama barabarani unaiona boti kama vile uzio haupo. Picha zilienea dunia nzima 2024. Mimi nakipenda kisa hiki kwasababu kinaonyesha mtu aliyeisoma sheria mpaka mwisho, iliomba uzio, ikapewa uzio, na haikusema neno lolote kuhusu rangi. Kusoma kwa namna hiyo ndo ninakowaombea wote wenye boti nyumbani.

Tatu, chama cha wamiliki wa nyumba pale mnapokuwa nacho, au masharti yaliyoandikwa kwenye hati ya kiwanja. Haya ni mambo mawili tofauti na sheria ya manispaa na hayafutani. Manispaa inaweza kuruhusu boti pembeni ya nyumba, chama kikakataa boti yoyote isiyo ndani ya gereji, na chama kinaweza kukubana kwa yale uliyosaini wakati unanunua. Hali kadhalika chama kikikukubalia haimaanishi manispaa imekubali. Soma yote mawili, na ukiomba ruhusa iombe kwa maandishi na uitunze, viongozi wa chama wanabadilika.

Kuhusu barabarani nitasema kidogo tu, usiiache trela iliyofunguliwa kutoka kwenye gari ikae barabarani. Sehemu nyingi ni kosa moja kwa moja, na hata inaporuhusiwa kuna masharti, kwa mfano Uingereza trela haitakiwi kuachwa barabarani usiku bila taa. Mbele ya nyumba pia mara nyingi kuna msamaha wa muda mfupi kwa ajili ya kupakia na kupakua, saa 24, 48 au 72 kutegemea mji, huo utumie vizuri, ndo muda wa kuosha boti na kuandaa safari, na kigari kinakurahisishia kuirudisha pembeni muda ukiisha bila kusubiri mtu mwenye gari la kuvuta.

Mwenye nyumba ya kona nae aangalie, kuna eneo la pembetatu pale njia mbili zinapokutana ambalo halitakiwi kuwa na kitu chochote kirefu kinachoziba macho ya madereva, boti juu ya trela inafika mita mbili na zaidi kirahisi, na hili sio la urembo, ni la usalama wa mtoto anayevuka na baiskeli. Hapo hata mimi ningempigia simu jirani.

Swali lililoulizwa sana, je si bora kulipia sehemu ya kuhifadhia boti kuliko kuhangaika na kigari? Inategemea. Kama boti yako na trela vinapita tani moja na nusu, au njia yako ni mteremko, au mji wenu una kikomo cha urefu ambacho boti yako inakivuka, basi ndio, lipia eneo, kigari hakitabadilisha chochote. Lakini boti ya mita 4 hadi 5 yenye injini ya kawaida, kichochoro kinachoingia, ardhi ngumu, nyumbani ni bora mara nyingi, unaiona kila siku, unapaka grisi beringi ukiwa na nafasi, unagundua turubai limechanika kabla mvua haijaharibu viti. Boti inayokaa mbali inaharibika kimya kimya.

Na yule mwenye tairi dogo la mbele la jeki ya trela asidanganyike kwamba linatosha. Lile limetengenezwa kwa kusogeza kidogo ili kichwa kikutane na gari, ukilisukuma umbali mrefu kwenye ardhi mbovu linapinda au bomba la jeki linapinda, na bomba likipinda jeki yote ni ya kutupa.

Ukiletewa barua kabla hujajipanga usiinyamazie. Angalia tarehe ya mwisho, angalia imetaja kifungu namba ngapi, nenda kasome kifungu hicho chenyewe, kisha jibu kwa maandishi ukisema utafanya nini na lini. Faini za sehemu nyingi zinahesabiwa kwa kila siku kosa linapoendelea, ndo maana kuchelewa kunauma kuliko kosa lenyewe. Mimi niliomba siku za nyongeza ili kigari kifike, nikaeleza boti itakaa wapi na nikachora mchoro mdogo wa kiwanja wenye vipimo, wakakubali bila ubishi.

Kabla ya kuagiza pimeni vitu hivi: uzito wa kichwa cha trela, kipimo kilichogongwa kwenye kichwa, upana wa boti sehemu iliyo pana kabisa ukijumlisha na vishikio, na upana wa kichochoro pale kilipo chembamba kabisa, sio pale kilipo kipana, bomba la maji au kona ya dirisha inakula sentimita 20 bila wewe kujua. Acheni angalau nusu mita upande mmoja ili mtu aweze kupita kutoka nyuma kama kuna dharura. Na baada ya kukitumia mara za mwanzo kazeni tena nati za ekseli ya kigari, changu zililegea zenyewe na hakuna karatasi yoyote kwenye boksi iliyonionya.